Mgongo Umepona, Mshipa Haujapona

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye ukumbi wa parokia hapa Morogoro, mbele ya kikundi chetu cha watu tuliopasuliwa mgongo. Wengi hamkufika, wengine kwa ajili ya mvua, wengine kwa ajili ya maumivu yale yale ya mguu tunayoyazungumza. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, mjukuu wangu akayaandika. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum. Na ambaye bado hajasalimiwa, za mchana.

Kabla sijaanza: anayetaka kusimama, asimame. Anayetaka kujinyoosha kwenye mkeka pale nyuma, ajinyooshe. Humu ndani hakuna atakayekuona huna adabu. Mimi mwenyewe mtaniona nazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, maana nikisimama mahali pamoja dakika kumi, mguu unaanza kunidai.

Nawauliza swali. Nani hapa, baada ya upasuaji, aliambiwa "operesheni imefanikiwa"? Nyoosheni mikono. Haya, naona karibu ukumbi mzima. Msishushe. Sasa, nani kati yenu usiku wa jana ameamshwa na mguu?

Mmeona? Mikono ni ile ile.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa dereva wa lori. Miaka 26. Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Dar, safari nyingine navuka hadi Ndola na Lubumbashi. Kutoka bandarini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ukifika kwenye foleni ya mpakani unaweza kukaa siku tatu, nne, makalio hayajui kitu kingine isipokuwa kiti. Diski yangu ikachomoza, ile iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Madaktari wanaziita L4 na L5. Diski nyingi za watu huchomoza hapo, au kwenye ile ya chini yake. Ikaukandamiza mzizi wa mshipa wa fahamu unaoteremka mguu wa kushoto. Mguu wa klachi, jamani! Nikavumilia miezi 14. Nilikuwa nakanyaga klachi machozi yananitoka, na utingo wangu anageukia dirishani kama mtu aliyeona kitu porini.

Nikapasuliwa. Nilipozinduka, kile kiuno kilichokuwa kimeniinamisha kama mwenye kutafuta sindano chini, kimenyooka. Nililia kwa furaha, manesi wakadhani naumwa. Wiki ya tatu, mguu ukawaka moto.

Nikarudi. Wakanipima tena kwa MRI, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili. Daktari akainua picha kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu, akaniambia kwa upole kabisa: "Mzee, picha yako ni safi." Nikatoka na ile bahasha kubwa kwapani, nikaketi kwenye benchi la nje, nikajiuliza: ikiwa picha ni safi, basi mwongo ni nani? Ni picha, au ni mimi?

Swali lile nimelala nalo mwaka mzima. Leo nawapa jibu lake, nanyi mkawape nyumbani. Hakuna mwongo. Mgongo umepona, mshipa haujapona. Ni vitu viwili. Daktari alitazama mgongo akaona umepona, akasema kweli. Mimi niliusikia mshipa haujapona, nikasema kweli. Na kila kosa nililolifanya mwaka ule, kila shilingi niliyoitupa, ilitokana na jambo moja tu: niliendelea kuutibu mgongo uliokwisha kupona. Mkanda wa mgongo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kulala sakafuni. Kukandwa kiuno na maji ya moto. Kumbembeleza daktari anipasue tena.

(Nikisema mshipa, wazee wa pwani msicheke. Nasema mshipa wa fahamu, neva. Ule mwingine, wa ngiri, una kikundi chake.)

Acha niseme kwa lugha ya gereji, ndiyo ninayoiweza. Kwenye injini kuna waya unaopeleka habari za oili hadi kwenye dashibodi. Oili ikipungua, taa nyekundu inawaka. Sasa chukua waya huo, ubanwe na chuma miezi 14 hadi ganda lake lichubuke. Kisha uondoe chuma. Je, taa itazimika? Inaweza kuzimika. Inaweza pia isizimike. Mimi nimewahi kutoka Makambako hadi Chimala taa inawaka njia nzima, na oili imejaa hadi kwenye alama. Fundi asiyejua anafungua injini. Fundi anayejua anafuata waya.

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, waliwaonyesha wenzao kwamba diski iliyochomoza ndiyo inayobana mshipa na kuleta yale maumivu ya kushuka mguuni. Tangu hapo dunia imekuwa hodari wa kuondoa chuma. Kuutibu waya wenyewe ni elimu changa bado. Na waya huu unajitengeneza polepole mno. Mshipa wa fahamu ulioumia, ukibahatika kuota upya, huota kama milimita moja kwa siku. Pimeni kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Ni kama mita moja. Milimita elfu moja, siku elfu moja, karibu miaka mitatu, na hapo hakuna foleni ya Tunduma! Mimi niliyezoea kilomita 900 kwa siku mbili, nikaambiwa mwendo wangu sasa ni milimita. Na si kila mshipa unafika. Mwingine unaishia njiani, mwingine unazungukwa na kovu la upasuaji. Aliyesema hivyo kwangu hakunikatisha tamaa. Alinipumzisha, kwa sababu hadi siku ile nilikuwa nikiamka kila asubuhi nikitegemea muujiza, na kila jioni nalala nimeonewa.

Na wewe unayeambiwa "unajifanya", sikiliza. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliandika upya maana ya neno maumivu. Ndani ya maelezo yake wameweka kwamba mtu akieleza kuwa ana maumivu, maelezo yake yaheshimiwe. Wasomi wa dunia nzima wamekaa wakaandika hivyo. Shemeji yako ni nani hata apinge?

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, hata kuliko dawa. Nalo ni maneno.

Mwaka mzima nilikuwa nikiulizwa na wauguzi, "Mzee, unaumwa nini?" Najibu, "Mgongo." Ndivyo tunavyosema wote, maana tulipasuliwa mgongo. Nikisema mgongo, napewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Ikiisha, nanunua mwenyewe duka la dawa, vidonge viwili, vitatu kwa siku, kama karanga. Mguu haukusikia kitu. Tumbo ndilo lililosikia. Siku moja nakwenda chooni, naona choo ni cheusi, kinang'aa kama lami mpya. Waliopitia wanajua: hiyo ni damu ya tumboni. Nililazwa siku tano kwa ugonjwa ambao nimejinunulia mwenyewe kwa fedha taslimu. Dawa zile zina kazi yake, zinatuliza uvimbe. Lakini waya uliochubuka hauna uvimbe wa kutulizwa.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja wa mazoezi, fiziotherapia, umri wa mwanangu wa mwisho. Nikamwambia, "Mwanangu, naumwa." Akasema, "Baba, usiniambie unaumwa, hilo naliona usoni. Niambie mguu unafanya nini." Nikanyamaza. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kisha nikaanza: unawaka, kama umepakwa pilipili. Usiku unapigwa shoti, kama mtu ameshika waya wa betri. Siafu wanatembea juu ya unyayo lakini ukitazama hakuna siafu. Na hapa, kati ya kidole gumba na cha pili, pale ukanda wa ndala unapopita, pamekufa ganzi kabisa.

Yeye anaandika tu. Kumbe yapo maswali ambayo madaktari wanayatumia kutofautisha maumivu ya mshipa na maumivu mengine: kuungua, baridi inayouma, shoti, sindano, siafu, ganzi, kuwasha. Kumi kwa jumla, pamoja na yale anayoyapima daktari mwenyewe kwa kukugusa, na ukifikisha manne, mshipa unashukiwa. Mimi nilipata saba. Karatasi ile ndiyo iliyobadilisha dawa zangu, na mashine haikuwa na mchango wowote hapo.

Kiswahili chetu kimetupa mali hapa, nasi tunakwenda hospitali mikono mitupu. Mama uliyekaa dirishani, wewe wa kitenge cha kijani, mguu wako unafanya nini? Sema kwa sauti, mama... "Kama ninamwagiwa mafuta ya kukaangia samaki." Mmesikia? Na wewe kijana?... "Kama soksi imebana, na sijavaa soksi." Hayo! Hayo ndiyo ya kumpelekea daktari. Kabla ya kliniki, kaa na mtoto anayejua kuandika, akuandikie: unafanya nini, saa ngapi, unaanzia wapi unaishia wapi, nini kinauchokoza.

Cha kwangu kilichouchokoza kilikuwa shuka. Hebu fikirini, mtu mzima aliyeshusha tela la tani 28 mlima Kitonga, anashindwa na shuka. Kitambaa kikigusa juu ya mguu, naruka. Basi nikawa nalala mguu mmoja nje ya chandarua. Mbu wakafurahi. Na maajabu ya mshipa ni haya: mbu akiniuma mguu ule, sisikii. Shuka ikinigusa, napiga kelele. Ngozi ile ile! Nimepata malaria mara mbili kwa sababu ya shuka. Mama watoto akaniambia, "Wewe mguu wako umelogwa kwa akili," na nitalirudia neno hilo la kulogwa.

Nilidhani niko peke yangu duniani. Kisha yule binti wa mazoezi akanisimulia habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1860. Daktari mmoja wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, alitibu askari waliopigwa risasi zilizojeruhi mishipa ya fahamu. Vidonda vimefunga, lakini mikono na miguu inawaka. Walikuwa hawataki kuguswa na kitu kikavu, mtu anatembea na kitambaa kibichi na chupa ya maji. Wengine walimimina maji ndani ya viatu vyao, ndipo waweze kupiga hatua. Niliposikia habari ya viatu vyenye maji, nilitaka kuwakumbatia wazungu wale waliokufa zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala na beseni chini ya kitanda.

Binti yule hakuniachia beseni la maji. Akalibadilisha. Akasema tuufundishe mguu upya. Tunaanza pembeni, pale ambapo hapaumi sana, kwa pamba. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Ukizoea pamba, chukua kanga iliyochakaa. Ukizoea kanga, taulo. Ukizoea taulo, suruali ya jinzi. Kisha beseni la mchele, unatumbukiza mguu, unautembeza taratibu. Halafu maharage. Siku ya kwanza ya mchele mama watoto alisimama mlangoni na sufuria. "Baba, huo mchele tutaupika?" Nikamwambia huu ni wa hospitali. Tangu siku ile tuna kilo mbili za mchele ambazo hata kuku hawapewi.

Ilichukua miezi mitatu. Leo nalala na shuka. Mguu unawaka, ndiyo, jana umewaka, lakini shuka si adui tena.

Mnajua kwa nini inafanya kazi? Ukijigonga kidole kwenye kizingiti, unafanya nini? Unakisugua. Hakuna aliyekufundisha. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama geti: habari za kuguswa zikipita kwa wingi, habari za maumivu zinabanwa. Bibi zetu waliposugua na kupuliza, walikuwa walinzi wa geti. Miaka miwili baada ya hapo, 1967, Mmarekani aitwaye Norman Shealy akamwekea mgonjwa mtambo wa umeme kwenye uti wa mgongo kwa wazo hilo hilo. Upo hadi leo na unawasaidia baadhi ya watu wenye hali kama yetu. Bei yake sitaitaja, nisije nikampandisha mtu presha.

Tahadhari moja kuhusu ganzi, maana ilinigharimu. Jioni moja mjukuu wangu ananifuata anacheka, "Babu, ndala yako iko uani!" Nimetembea kutoka chooni hadi sebuleni na ndala moja, sijui. Nikacheka naye. Wiki iliyofuata nikakanyaga kaa la moto karibu na jiko, na aliyegundua ni pua, si mguu. Nilisikia harufu. Kwa hiyo kila jioni, kaa kitako, geuza unyayo, utazame. Huoni, mwite mjukuu au tumia kioo. Maji ya kuoga yapime kwa mkono.

Haya, dawa. Nitasema machache, mimi si daktari.

Nilipoandikiwa gabapentini, shemeji yangu, ambaye anajua kusoma makaratasi ya dawa, akasoma: dawa ya kifafa. Nikaongezewa amitriptilini, akasoma: dawa ya sonona, magonjwa ya akili. "Shemeji, wamekuona chizi." Nami, kwa aibu, nikazificha zote wiki mbili. Nimwambie nani? Daktari aliponiuliza nikakiri, akacheka vizuri, akanieleza: amitriptilini iko duniani tangu 1961, ilitengenezwa kwa sonona, na gabapentini ilianza kwa kifafa, lakini zote mbili zinatuliza waya unaopiga shoti ovyo. Kifafa ni umeme wa ubongo uliokosa utaratibu. Mguu wangu ni umeme wa mshipa uliokosa utaratibu. Fundi ni mmoja.

Shikeni mambo haya. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile kama ya kichwa. Unaanzia chini, unapandishwa polepole, unahesabu wiki. Zinaleta usingizi, kizunguzungu, kinywa kukauka. Usiendeshe gari hadi ujue zinakufanyaje. Ukiwa na bodaboda, iache nyumbani. Mwenye tezi dume, mwenye moyo, mwenye presha ya macho, aseme kabla hajaandikiwa amitriptilini. Mwenye figo mbovu aseme kabla ya gabapentini. Na usizikate ghafla. Na ile tramadoli ya kununua kwa kificho, vijana, iacheni. Inafunga mtu kama kamba, na ukiichanganya na amitriptilini kwa ujanja wako unaweza kuanguka degedege.

Maumivu yangu yalikuwa nane kwa kumi. Sasa ni tano, wakati mwingine nne. Kuna mtu hapa atasema, "Tano tu?" Ndugu yangu, kati ya nane na tano kuna usingizi. Kati ya nane na tano kuna kula mezani na watoto. Mzigo haujaisha, lakini nafuu hiyo naichukua.

Na kupasuliwa tena? Wapo wanaopaswa, kama diski imechomoza upya au pingili zinacheza. Hilo ni la daktari na picha yake. Lakini kila upasuaji unaorudiwa, matumaini huwa madogo kuliko ya ule wa kwanza, na kovu huongezeka. Nilimshukuru daktari aliyenikatalia, ingawa siku ile nilimnunia.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Yote haya ninayosema ni kwa maumivu yaliyozoeleka. Lakini ukipata ganzi mpya katikati ya mapaja, sehemu inayokaa kwenye siti ya baiskeli. Mkojo ukagoma kutoka, au ukatoka bila taarifa, au haja kubwa. Miguu yote miwili ikalegea. Mguu ukazidi kushindwa kuinuka. Au ukapata homa na kidonda cha upasuaji kinavuja. Likitokea hata moja tu kati ya haya, usingoje Jumamosi yetu. Usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo. Huo si mshipa wa zamani unaolalamika.

Sasa nguzo. Wanaonifahamu mtaani kwangu Kihonda wananiita Babu Nguzo, nami nitawaambia kwa nini.

Dereva yeyote anajua Kitonga. Unashuka mlima ule na mzigo kwa gia nzito, taratibu, hata kama barabara mbele yako iko tupu na basi linakupigia honi nyuma. Wanaokufa Kitonga si wanaopanda wakihema. Ni wanaoshuka wakijisikia vizuri. Nami nilikuwa najua hilo kwa lori, sikulijua kwa mwili. Siku mguu ukitulia, nasema leo nimepona: nafyeka uwanja, nabeba ndoo kumi za maji, natengeneza banda la kuku. Kesho yake hadi keshokutwa niko kitandani nimegeukia ukuta. Nikipata nafuu tena, narudia. Miezi inapita hivyo. Ukijumlisha, kila mwezi nilikuwa natembea kidogo kuliko mwezi uliopita.

Tukaweka kipimo kisichosikiliza maumivu. Pale barabarani kwetu kuna nguzo za umeme. Nikaanza nguzo nne. Kwenda nne, kupumzika kwenye jiwe la muuza mkaa, kurudi nne. Siku mbaya, nguzo nne, nachechemea. Siku nzuri, na hapa ndipo palipo na kazi, siku nzuri, mguu umetulia, upepo wa Uluguru unavuma, watu wananisalimia, nataka kwenda hadi sokoni, nguzo nne, basi, rudi. Kila wiki nguzo moja. Wiki nyingine hakuna nyongeza. Kuna mwezi nilirudi nyuma nguzo tatu, baada ya kuteleza kwenye matope, nikaanza tena pale. Leo ni nguzo 31. Muuza mkaa ananihesabia.

La mwisho. Nilisema nitarudi kwenye kulogwa.

Picha ilipokuwa safi, na mimi naungua, moyo ulitafuta mwenye kosa. Lori langu alipewa dereva mwenzangu, tuliyelala naye chini ya tela moja Tunduma mara zisizohesabika. Nikasema, ni yeye. Nikaenda kwa mganga, sitaficha, wengine wenu nilikutana nao huko. Nikachanjwa chale saba mguuni, mguu ambao shuka ilikuwa inauchoma, fikirini, na nikatoa mbuzi. Mganga akaniambia niliyotaka kuambiwa. Miezi minane yule mwenzangu akipita Msamvu anapiga honi, mimi naingia ndani. Akituma salamu, simjibu. Alimtumia mama watoto fedha ya dawa, mara tatu, mimi nikidhani ni za mwanangu.

Siku niliyoelezwa habari ya waya, ya miezi 14 ya kubanwa, nilirudi nyumbani sikula. Mguu wangu ulikuwa na sababu. Ilikuwa ni diski, na kiti, na mimi mwenyewe niliyechelewa kwa kuhofia kupoteza lori. Nikampigia simu usiku ule. Alikuwa Mikumi, anasubiri tembo wavuke. Nikamwambia kila kitu, hadi mbuzi. Akakaa kimya, nasikia injini inaunguruma tu. Kisha akasema, "Kaka, mbuzi huyo ungenipa mimi tungemla wote." Yuko pale nyuma, amesimama mlangoni, amekuja kunisikiliza na lori amelipaki Msamvu.

Katika nyumba zenu kuna mtu mnayemnunia kwa ajili ya mguu. Wengine ni mke. Wengine ni mume ambaye hamjagusana mwaka, na anadhani amechukiwa, kumbe ni ngozi inayowaka. Mwambieni: mgongo umepona, mshipa haujapona. Mwonyesheni pa kugusa na pasipo pa kugusa. Mama watoto sasa anajua kuwa mkono wake ukiwa mzito, hauumi. Ukiwa mwepesi kama unyoya, unaniunguza. Tulikaa ndoa miaka 30 hatulijui hilo.

Kijana ananionyesha saa. Tumekaa dakika 40, na sisi kukaa ndiyo sumu yetu. Jumamosi ijayo kila mtu aje na beseni lake na kilo moja ya maharage, mchele ninao. Sasa simameni, polepole, shikeni kiti cha mbele. Mwenye fimbo achukue fimbo. Nje ya geti la parokia nimehesabu, kuna nguzo nne hadi kwenye mwembe. Twende, na hata ukijisikia vizuri, ukifika kwenye mwembe geuka.